Gezaulole, Jaribu Uone

Saa 10 na nusu alfajiri Tegeta bado imelala. Walio macho ni makonda, wauza maziwa na sisi wawili, mimi na mume wangu, tukipakia termosi ya chai na mabuti ya mvua kwenye gari. Ukituona utasema hawa wanakwenda shamba. Kumbe tunavuka jiji zima, kutoka Kinondoni hadi ng'ambo ya Temeke, kwenda kufundishwa adabu na farasi.

Najua unachowaza, msomaji wangu. Farasi? Dar hii hii ya foleni na joto? Hata mimi nilicheka mara ya kwanza. Kwangu farasi alikuwa mnyama wa kwenye sinema, au wale wa askari polisi unaowaona nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga, wanapita katikati ya watu kwa kiburi mpaka hata mlevi anapisha njia.

Nianze na ukweli wa nyumbani, maana bila huo hutaelewa watu wazima wawili wenye kazi zao wanatafuta nini Kigamboni kabla ya jua. Tulikuwa na miaka sita ya ndoa na mtoto mmoja. Hatukugombana. Afadhali tungegombana! Tulikuwa tumefika pale ambapo mnatumiana meseji kutoka sebuleni kwenda chumbani. "Umenunua luku?" "Ndiyo." Basi, mazungumzo ya siku yameisha. Rafiki yangu wa ofisini ndiye aliyeniambia kuwa kuna mama mmoja Kigamboni anafuga farasi, mnapandishwa, mnatembezwa ufukweni, na bei ni kama ya chakula cha jioni cha watu wawili kule Masaki. Nikaona huo ni mtoko wa siku moja, tupige picha, yaishe.

Ukitoka Tegeta mapema hivyo jiji linakuwa lako. Barabara ya Bagamoyo hadi Mwenge, unakata Sam Nujoma, unapita Ubungo pale kwenye barabara za juu, unashuka na Mandela kupitia Buguruni na Tazara, na bado hakujapambazuka unaliona daraja la Kurasini. Daraja la Nyerere lina urefu wa mita 680 na lilifunguliwa Aprili 2016. Kabla ya hapo ilikuwa ni pantoni, au uzunguke kote Kongowe. Kwa miaka mingi Kigamboni ilihesabiwa ndani ya Temeke, mpaka ikapewa wilaya yake yenyewe, na bado ina ule utulivu wa mahali palipocheleweshwa na maji. Nyumba zinaota kama uyoga, ni kweli, lakini ukishapita Kibada ukaelekea upande wa bahari unakutana tena na mikorosho, mchanga mweupe katikati ya barabara, na akina mama wa vitumbua wanaowasha moto kwa kifuu cha nazi. Huko ndiko iliko Gezaulole. Wenyeji watakuambia kuwa kwa Kizaramo jina hilo maana yake ni "jaribu uone". Nililipuuza siku ile.

Mabanda yenyewe hayako mbali na hapo. Mwenyewe aliomba nisiwaandikie jina lake wala la mahali, maana hataki mashabiki, anataka wanafunzi. Nitamwita mwalimu. Mabanda yameezekwa makuti, na milangoni kuna wavu mwembamba kuliko chandarua changu cha nyumbani. Nikamuuliza yule saisi, mzee mwenye mvi na mikono kama magome ya mwembe, "Shikamoo mzee. Hawa nao wanaogopa mbu?"

"Marahaba mwanangu. Si mbu. Usubi. Utaujua tu ukikaa."

Nikaliacha hilo lipite, kwa sababu jicho langu lilikuwa limeshavutwa na kitu kingine. Nyuma ya mabanda kulikuwa na uwanja wa mchanga uliosawazishwa vizuri, mita 20 kwa 40, na pembeni yake matairi makuukuu yaliyofukiwa nusu, kila moja limepakwa herufi nyeupe. A, K, E, H, C, M, B, F. Nikadhani watoto wa chekechea wanasomea pale. Usiniulize kwa nini hazifuati alfabeti, maana kila mpanda farasi ana hadithi yake na hakuna inayofanana na nyingine. Katikati ya uwanja kuna X, lakini hiyo haina tairi. Inabidi uijue kichwani.

Ndani ya uwanja ule mwalimu alikuwa juu ya farasi jike wa rangi ya karafuu kavu, na jina lake ndilo hilo, Karafuu. Alikuwa anakwenda mbele na pembeni kwa wakati mmoja, miguu inapishana kama mtu anayecheza mduara harusini, na mwalimu juu yake ametulia kabisa. Hakuna kelele. Hakuna mjeledi uliopanda juu. Mume wangu, ambaye siku hiyo alikuwa hajasema maneno kumi tangu Mwenge, akanigeukia akasema, "Anamwambia saa ngapi?"

Picha za ufukweni hatukupiga.

Mchezo ule unaitwa dresaji, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya kufunza. Chimbuko lake ni vitani. Askari mwenye silaha mkono mmoja alihitaji farasi anayegeuka, anayesimama na anayekwenda pembeni kwa kuguswa kidogo tu. Mgiriki Xenophon aliandika kitabu kuhusu kumfunza farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na alikuwa ameshaona kuwa farasi anayelazimishwa hafanyi jambo kwa uzuri. Hata wale farasi wa polisi pale uwanjani Temeke, ule mwendo wa ubavuni unaowasogeza watu nyuma bila kumkanyaga mtu, ni ndugu wa dresaji. Kwenye Olimpiki mchezo huu upo tangu 1912, na kuanzia 1952 wanawake na wanaume wanashindana pamoja kwenye orodha moja. Mwaka huo huo, kule Helsinki, Lis Hartel wa Denmark alipata medali ya fedha ilhali polio ilikuwa imempooza miguu kuanzia magotini kwenda chini. Ilibidi asaidiwe kupanda na kushuka. Nilipomsimulia mume wangu habari hiyo tukiwa njiani kurudi, alinyamaza mpaka Tazara, kisha akasema, "Basi kumbe si nguvu."

Si nguvu kweli, lakini kulijua hilo kwa mdomo na kulijua ukiwa juu ya mnyama wa kilo 450 ni vitu viwili tofauti.

Wiki ya tatu tulianza darasa rasmi. Mwalimu alitupa kwanza msamiati, na hapa niseme kwamba Kiswahili chetu si maskini hata kidogo. Punda akienda haraka bila kukimbia, hiyo ni telki. Farasi akitimua mbio, hiyo ni shoti. Ule mwendo wa katikati wa kudundadunda, miguu miwili miwili, unaitwa matiti. Usicheke, kamusi ndiyo inavyosema. Mume wangu alicheka mpaka akaangusha kofia, na mimi nikacheka kwa sababu yeye amecheka, na nikajikuta nahesabu ni lini mara ya mwisho tulicheka kitu kimoja.

Somo lenyewe ni fupi kulieleza. Unabana mguu kidogo ubavuni mwa farasi, yaani unamuuliza swali. Akijibu, hata jibu dogo, unaachia papo hapo. Huko kuachia ndiko mshahara wake. Ukichelewa kuachia, umemfundisha kuwa hata akijibu haimsaidii, na kesho hatajibu. Ukiachia mapema mno, umemfundisha kuwa akipuuza, utachoka. Mikono nayo ni hivyo hivyo. Lijamu limekaa kinywani juu ya ulimi wake, hatamu ziko vidoleni mwako, na kila wasiwasi ulio nao unateremka kwenye kamba ile kama umeme. Mwalimu alikuwa akinipigia kelele neno moja tu asubuhi nzima: "Achia! Achia, dada! Ameshakupa!"

Mimi ni mhariri. Kazi yangu ni kushika kalamu nyekundu na kutoachia. Nikawa namrudisha Karafuu, namrekebisha, namvuta, namrekebisha tena, mpaka akasimama katikati ya uwanja, akageuza shingo na kuniangalia gotini kama anayeuliza kama nimemaliza. Nililia siku ile, si uongo. Nililia nikiwa nyuma ya banda la majani, na saisi akaja akanipa ndoo ya karoti. "Mlishe tu, mama. Usimwombe kitu leo."

Mume wangu kwake ilikuwa kinyume. Yeye ni mtu wa benki, anapenda kukokotoa. Alitaka kujua ni masomo mangapi mpaka aweze. Mwalimu akamwambia kuwa farasi anaanza kupandwa akiwa na miaka mitatu au minne, na kumfikisha kwenye zile hatua za juu, kama matiti ya papo hapo ambapo anadunda bila kusogea mbele, ni kazi ya miaka mingine sita, saba, wakati mwingine zaidi. Na wengi hawafiki. Siku hiyo farasi wake alimvuta, naye akamvuta, wakavutana kutoka K hadi H, na mshindi hakuwa mtu wa benki. Akashuka, akanipa kofia, akasema amechoka na biashara isiyo na hesabu. Miezi miwili hakurudi. Nilivuka daraja peke yangu kila Jumamosi, na nyumbani tukarudia mambo ya luku.

Hapa nataka kusema jambo linaloniudhi. Watu wanapoona farasi anacheza kwa madaha wanagawanyika makundi mawili: wanaosema amependwa na wanaosema amepigwa. Yote mawili yanatokea. Charlotte Dujardin wa Uingereza, aliyechukua dhahabu mbili London 2012 akiwa na farasi wake Valegro, na dhahabu nyingine Rio 2016, alikuwa kwa wengi ndiye sura ya upole wa mchezo huu. Mwaka 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris, ilitoka video yake akimchapa farasi miguuni kwa mjeledi mrefu, mara nyingi, wakati wa kumfundisha mwanafunzi. Alijiondoa kwenye michezo na akafungiwa mwaka mmoja. Nilimuuliza mwalimu anasemaje. Alikuwa anachambua kwato, hakuinua kichwa. Akasema kila mtu mwenye farasi amewahi kufika siku ambayo subira imeisha na mjeledi uko karibu, na asiyekiri hilo usimwachie mnyama wako. Sikupenda jibu hilo. Mpaka sasa sijapata lingine lililo bora.

Mwezi wa nane tangu nianze, asubuhi moja ya Februari, kutoka M kuelekea katikati, nilimbana Karafuu kidogo kwa mguu wa kushoto na nikasahau kujishughulisha na mengine. Akaenda. Hatua sita, mbele na pembeni, miguu inapishana, nami sina ninachofanya zaidi ya kukaa. Siwezi kukueleza vizuri zaidi ya kusema ilikuwa kama kumaliza sentensi pamoja na mtu. Nikampigia simu mume wangu hapo hapo nikiwa sijashuka. Akauliza, "Hatua ngapi?" Nikamwambia sita. Akanyamaza kidogo. "Jumamosi ijayo nakuja kuangalia."

Akaja. Akaanza upya kwa farasi mzee asiyevutana na mtu, na sasa hakuuliza masomo yamebaki mangapi.

Halafu ikaja masika, na nikaujua usubi.

Ni mdudu mdogo kuliko mbu, anatoka machweo na alfajiri, na baada ya mvua anakuwa mwingi mno. Ndiye anayebeba virusi vya maradhi ya farasi ya Afrika. Pundamilia anaambukizwa na mara nyingi huwezi kujua. Punda anastahimili zaidi. Farasi, ambaye alikuja kwetu kwa majahazi na meli, hana kinga hiyo. Maradhi yakishuka mapafuni, wengi mno wanakufa, na dawa ya kuyatibu haipo. Virusi viko vya aina 9, na chanjo inayotumika zaidi, inayotoka Afrika Kusini, haibebi aina zote. Ndiyo maana ya ule wavu na ya kuwaingiza bandani kabla ya magharibi. Ndiyo sababu pia nchi nyingi haziruhusu farasi wa huku kuingia kwao moja kwa moja, hivyo hata ukimfunza wa kwako akacheza kama Valegro, safari ya Olimpiki ni ndoto ya mbali. Mwaka 2020 maradhi hayo yalifika Thailand yakaua farasi zaidi ya 500. Huku kwetu historia ni ndefu zaidi. Majeshi ya Jenerali Smuts yalipowasukuma Wajerumani kutoka Kilimanjaro kwenda Morogoro mwaka 1916, farasi walikufa kwa maelfu njiani, kwa maradhi haya na kwa mbung'o, kuliko kwa risasi. Unguja, masultani walifuga farasi wa Kiarabu, na Binti Salme, aliyezaliwa 1844, ameandika jinsi watoto wa kasri walivyofundishwa kupanda. Lakini mnyama wa kazi na wa heshima ya kila siku pwani hii alibaki punda. Wazee hawakuwa wajinga.

Karafuu alikuwa amechanjwa. Jumatano jioni alikataa pumba. Alhamisi homa. Ijumaa vile vishimo vilivyo juu ya macho ya farasi vilikuwa vimevimba na kujaa kama mtu aliyelia usiku kucha, na mwalimu akanitumia meseji ya maneno mawili: "Njoo umwage." Ilikuwa saa 3 usiku, mvua inanyesha, na foleni ya Mwenge unaijua. Sikumwomba mume wangu. Alikuwa ameshachukua funguo.

Tulimkuta amesimama. Saisi alikuwa anamfuta povu puani kwa kitambaa, taratibu, anamwimbia kitu kwa sauti ya chini. Karafuu alinitambua au nilitaka kuamini hivyo. Nikaweka mkono begani mwake. Sikumbana. Alianguka karibu na saa 10 alfajiri, saa ile ile ambayo Jumamosi nyingine tungekuwa tunapakia chai.

Kumzika farasi ni kazi ambayo hakuna mtu anayekuambia. Mchanga wa Kigamboni unachimbika kirahisi lakini unarudi ndani kirahisi vile vile. Walichimba wanaume saba, vijana wa jirani na saisi na mume wangu katika shati lake la ofisini, tangu alfajiri hadi jua limepanda. Nilimwona akitupa mchanga bila kupumzika, mikono imechubuka, hasemi. Saisi alimwambia, "Pumzika, baba," naye akatikisa kichwa. Tuliporudi nyumbani alikaa kwenye kiti cha jikoni akanieleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza, kuhusu baba yake, kuhusu kazi, kuhusu ile miezi miwili. Yale ni yake na yangu. Nitasema tu kwamba mara mbili nilitaka kumkatiza nimrekebishe, na mara zote mbili nikaachia.

Kama nawe unataka kwenda, wewe na mwenzio, nenda kati ya Juni na Septemba, hewa ikiwa nyepesi. Fika saa 12 asubuhi, kwa sababu ikifika saa 2 na nusu farasi wanarudi kivulini na huwezi kuwabembeleza. Vaa jinzi au suruali isiyobana, viatu vya kufunika vyenye kisigino kidogo, na usikubali kupanda bila kofia ngumu hata kama unajali nywele zako. Mtazame farasi kabla ya kulipa. Akiwa na vidonda mgongoni au mbavu zinahesabika, ondoka, hata kama wanakuahidi picha nzuri na bahari nyuma. Na mpe saisi salamu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mwalimu alikaa wiki tano bila kuingia uwanjani. Kisha akaleta dume mmoja aliyehasiwa, miaka minne, wa kijivu, hajui kitu. Hajui kusimama. Hajui kuwa tairi haliumi. Anaogopa mifuko ya plastiki, pikipiki na, sijui kwa nini, jogoo wa jirani. Kila kitu ni kuanzia moja, mwendo wa kawaida, mstari ulionyooka, simama, mpongeze, rudi bandani. Bado hana jina kwa sababu saisi amekataa kumpa mpaka masika moja ipite.

Jumamosi iliyopita mume wangu alikuwa juu yake. Walitakiwa kuingia A, waende moja kwa moja, wasimame X. Wakapinda kidogo, wakanyooka, wakafika X, wakapitiliza, na kijana wa watu akasimama mwenyewe karibu na C na kuanza kujikuna shavu kwenye tairi.

"Tena," mwalimu akasema.

Ilikuwa saa 1 na dakika 20, na jua la Kigamboni limeshaanza kuchoma. Mume wangu akalegeza hatamu, akamwacha farasi amalize kujikuna, akanigeukia.

"Chai imebaki?"

Nikamwambia imebaki kikombe kimoja.